Taa Isiyo na Picha

Kaa hapo karibu na dirisha, wewe unayetaka kujifunza kupiga picha, nami nitakueleza nilivyojifunza mimi. Sitaanza na kamera. Kamera utaizoea, ni chombo kama cherehani, kina mahali pa kushika na mahali pa kuachia. Nitaanza na hofu, kwa sababu nadhani na wewe umekuja nayo, ila umeificha. Usione haya. Mimi yangu niliibeba siku tano mfululizo, kutoka Jumamosi hadi Jumatano, na mpaka leo nikiona mwanga wa flashi kwenye harusi ya watu hutazama kidole cha mpiga picha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa, nasubiri barua ya kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Nilikaa kwa mjomba wangu Kariakoo, mitaa michache kutoka sokoni. Mjomba alikuwa na studio katika chumba cha mbele cha nyumba: pazia lililochorwa ngazi na maua, kiti kimoja cha kuzunguka, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Nyuma ya pazia palikuwa na stoo iliyozibwa kila tundu kwa magunia na karatasi nyeusi. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha giza, mahali pa kusafishia picha.

Kazi kubwa ya studio ilikuwa harusi, na kwenye harusi mjomba hakuwa peke yake. Unajua mwenyewe desturi zetu. Harusi za Kiislamu, wanaume wako nje kwenye ndoa, wanawake wako ndani na bi harusi, na mwanamume mwenye kamera haingii huko. Studio isiyo na mwanamke inapata nusu ya harusi. Mke wa mjomba ndiye aliyepiga upande wa ndani, na alisifiwa mpaka Ilala. Mwaka ule akajifungua, akawa ndani ya arobaini yake, na tayari kulikuwa na harusi iliyokwisha kukubaliwa.

Asubuhi moja mjomba aliniangalia wakati nakunywa uji.

“Wewe mikono yako haitetemeki,” akasema.

“Inatetemeka, mjomba.”

“Basi itazoea. Una wiki mbili.”

Alinifundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Kamera yenyewe ilikuwa ya Kichina, ile ya lenzi mbili, unayoishika kifuani na kuangalia kutoka juu kwenye kioo kidogo. Kitu cha kwanza kinachomchanganya mtu ni kwamba mle ndani kushoto kunakuwa kulia. Ukimwona mtu anaponyoka upande wa kushoto ukamfuata huko, anazidi kuponyoka. Nilimfuata mjomba hivyo mpaka nikagonga kioo cha wateja. Hakucheka. Alisema, “Usifukuze. Simama, vuta pumzi, kisha sogea upande ambao akili inakataa.”

Kuhusu mwanga alinipa mfano wa muuza mafuta ya taa. Chupa yako inataka ijae, isipungue na isimwagike. Muuzaji akitumia mrija mpana, anamimina mara moja tu. Akitumia mrija mwembamba, inabidi amimine kwa muda. Filamu ni ile chupa. Ndani ya lenzi kuna tundu unaloweza kulipanua na kulibana, huo ndio mrija. Na kuna kifuniko kinachofunguka na kufungwa haraka au polepole, huo ndio muda wa kumimina. Ukipanua tundu, punguza muda. Ukibana tundu, ongeza muda. Namba za tundu zimekaa kinyume, namba kubwa ndiyo tundu dogo. Hilo kila anayeanza hukosea, na wewe utakosea, kisha siku moja utakuta hukosei tena na hutajua ni siku gani.

Katika vyumba vya nyumba zetu, vyenye dirisha dogo na watu wengi, mwanga wa jua hautoshi chupa. Hapo ndipo inapokuja flashi. Yetu ilichajiwa kwenye umeme wa ukutani, ikashikwa kwa mkono wa kushoto, na waya wake ukaingia kwenye kamera. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikibonyeza kamera, kifuniko kinafunguka na taa inawaka kwa pamoja. Unasikia mlio mdogo, kama mtu amebana ulimi na kuuachia.

Yote hayo nilijifunza bila filamu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sukari ilikuwa na foleni, sabuni ilikuwa na foleni, unga ulikuja duka la ushirika na majina yakasomwa. Filamu hazikuwa na foleni kwa sababu hazikuwepo. Mjomba alizipata moja moja kwa watu waliofanya kazi bandarini, na alizifungia kabatini pamoja na hati ya nyumba. Roli moja ilikuwa na picha kumi na mbili. Kumpa mwanafunzi hata moja ya kuchezea kungekuwa kama kumpa mtoto sukari ya wageni. Kwa hiyo nilipiga nyumba nzima kwa kamera tupu: kuku, jirani, ukuta, mjomba mwenyewe akijifanya bi harusi kwa kujifunika shuka.

Kisha akanifundisha somo la mwisho, na hili nakueleza ili ulijue, usilifanye.

“Kwenye harusi,” akasema, “kila mwanamke atataka picha. Ukimkatalia umemtukana mbele za watu. Na wewe una kumi na mbili. Utafanyaje?”

Akageuza flashi, akanionyesha kitufe kidogo nyuma yake, cha kujaribia taa. Akakibonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Taa ikawaka, kamera haikupiga kitu.

“Hii inaitwa kumulika. Picha za kweli ni za orodha. Wengine wote unawamulika. Wanafurahi, sherehe inaendelea. Wakija kuulizia, filamu iliungua. Kila mtu anajua filamu zinaungua.”

Nikafanya mazoezi ya kumulika. Angalia sasa jinsi kosa linavyojengwa. Kubonyeza kamera tupu kila mara kulimuudhi mjomba, alisema springi inachoka. Kumulika hakukuchokesha kitu. Basi kwa wiki ile ya pili, asubuhi na jioni, kidole gumba changu ndicho kilichofanya kazi. Kilijifunza uongo kabla kidole cha shahada hakijajifunza ukweli.

Siku tatu kabla ya harusi bi harusi alikuja studio na shangazi yake kupanga mambo. Alikuwa rika langu, mpole, ana sauti ya chini. Shangazi alikuwa kinyume chake. Alijiangalia kwenye kioo kwanza, ndipo akasalimia. Mjomba aliandika orodha nyuma ya pakiti ya sigara: bi harusi peke yake mara mbili, bi harusi na somo yake, bi harusi na mashangazi, na kadhalika mpaka kumi na mbili.

Walipokuwa wanatoka, bi harusi akanivuta pembeni.

“Dada, ndiye wewe utakayeingia ndani?”

“Ndiye mimi.”

“Mama yangu alikufa nikiwa sijaanza kutembea. Bibi yangu ndiye aliyenilea, huko Lindi. Amekuja kwa meli kwa ajili ya harusi, na Alhamisi baada ya harusi anarudi. Mimi naolewa Mwanza. Unaelewa? Mwanza na Lindi. Bibi hana picha hata moja duniani. Nataka moja, mimi na yeye tumekaa. Hizo nyingine zikiharibika sitalia.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ndivyo watu wanavyosema. Nikamweleza mjomba, akafuta moja kwenye orodha na kuiweka hiyo kuwa ya nane.

Harusi ilikuwa Jumamosi alasiri, katika nyumba moja upande wa Gerezani, karibu na karakana. Asubuhi niliangalia flashi kama imejaa chaji, nikaangalia tena, nikaangalia mara ya tatu mpaka mjomba akaninyang'anya. Yeye alibaki barazani na wanaume. Mimi nikaingia ukumbini na kamera kifuani, roli moja, na ile pakiti ya sigara ndani ya sidiria.

Joto lilikuwa la kuchemsha. Udi, jasho, marashi, ngoma ukumbini, na vigelegele vinavyopasua masikio. Nikainamisha kichwa kuangalia kwenye kioo cha kamera.

“Huyu anapiga picha au anaomba dua?” mmoja akauliza.

“Mwache aombe, akuombee na wewe upate mume.”

“Mume ninaye, nataka picha.”

“Basi jipange, na mimi nyuma yako. Dada, sisi huku, sisi hatujapigwa.”

Nikamulika. Wakapiga vigelegele. Wakaja wengine, nikamulika. Shangazi alijipanga akiwa ameshika kiuno, nikammulika. Akaja akiwa na mtandio mwingine, nikammulika. Akaja na jirani yake, nikawamulika wote wawili. Katikati ya hayo nilipiga zile za orodha, na baada ya kila picha ya kweli nilizungusha kitasa mpaka namba inayofuata ionekane kwenye kidirisha chekundu nyuma ya kamera. Moja, mbili, tatu. Mpaka namba nane ilipojitokeza nilikuwa nimemulika watu nisioweza kuwahesabu, na kidole gumba kilikuwa kinaniuma kwenye kifundo.

Ndipo wakamleta bibi. Alishikwa mikono huku na huku, ingawa alitembea vizuri kuliko waliomshika. Alikuwa amevaa kanga mpya, bado ngumu.

“Picha ya nini na uzee huu,” akasema. “Pigeni vijana.”

“Bibi, kaa,” bi harusi akasema, na sauti yake ilivyokuwa, bibi akakaa.

“Nifumbe mdomo au niuache?”

“Kaa unavyokaa, bibi,” nikamwambia.

“Basi naufumba. Meno yaliyobaki ni ya kuonyeshana nyumbani.”

Wanawake wakacheka, ngoma ikapandishwa. Bibi akaushika mkono wa mjukuu wake, akaulaza kwenye paja lake, akaufunika kwa wa pili. Mle kwenye kioo kidogo niliwaona wote wawili, wametulia kama maji ya mtungini. Nikahesabu futi sita kati yangu nao. Nikaweka tundu la umbali huo. Vigelegele vikalipuka, taa ikawaka.

“Tayari?” bibi akauliza.

“Tayari, bibi.”

Nikazungusha kitasa. Nane ikaondoka, tisa ikaja. Na wakati kitasa kinazunguka nikasikia maumivu kwenye kidole gumba, maumivu mapya, ya sasa hivi.

Hebu tulia hapa pamoja nami, kwa sababu hapa ndipo pa kujifunza. Sikujua nimebonyeza wapi. Mlio wa kamera sikuusikia. Ndani ya vigelegele vile usingesikia hata gari moshi. Taa niliiona, lakini taa inawaka kwa vyote viwili. Ningeweza kusema, “Bibi, mara moja tena.” Wapiga picha wote husema hivyo, hakuna ambaye angeniuliza kwa nini. Nilikuwa na nne zimebaki. Lakini nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi huona kwamba kurudia ni kukiri. Shangazi alikuwa ananiangalia. Bibi alikwisha simama. Nikasema moyoni, kidole kinaniuma tu, kimechoka. Nikaita watu wa picha ya tisa.

Usiku ule, na siku zilizofuata, nilijaribu kukumbuka. Nilikaa kitandani nikanyanyua mikono kana kwamba nimeshika kamera, nikasikiliza kidole gani kinajikunja chenyewe. Mara hiki, mara kile. Jumapili kanisani nilifanya hivyo wakati wa mahubiri mpaka aliyekaa jirani akanitazama. Nilimwuliza mjomba kwa mbali kama anaweza kuisafisha filamu mapema. Alikataa. Dawa ikishachanganywa haikai, na dawa nayo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tulisafisha Jumatano tu, roli zote za wiki kwa pamoja. Sikumweleza sababu.

Jumatatu bi harusi alipita studio. Hina yake ilikuwa bado nyekundu.

“Bibi anauliza habari za picha.”

“Jumatano, dada.”

“Inshallah. Ameshatenga kitambaa cha kuifungia, anataka asafiri nayo Alhamisi.” Akacheka. “Tangu juzi anawaambia wageni, mimi nimepigwa picha. Kila anayeingia.”

Alipoondoka nilikwenda uani nikaosha masufuria ambayo yalikuwa masafi.

Jumatano saa nne asubuhi tuliingia chumba cha giza, mjomba na mimi. Filamu husafishwa gizani kabisa. Unashika ncha mbili, unaipitisha kwenye beseni la dawa juu, chini, juu, chini, kama mtu anayebembeza. Niliibembeza mimi mwenyewe. Kisha maji, kisha dawa ya pili, ndipo ruhusa ya kuwasha taa. Kwenye filamu, nyeupe huonekana nyeusi, na nyeusi huonekana nyeupe. Mtu asiyezoea huona mazimwi. Mimi sikuangalia sura. Nilihesabu. Ya sita ipo, ya saba ipo. Kisha pakawa wazi, kama kioo cha dirisha, nikaona vidole vyangu kwa upande wa pili. Kisha ya tisa.

“Hapa uliruka,” mjomba akasema.

“Sikuruka. Nilimmulika bibi.”

Akaiinua filamu kwenye taa, akaiangalia tena. Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi.

“Nenda ukawaambie iliungua,” akasema. “Filamu nzima imetoka salama, moja imeungua. Hutokea.”

“Mjomba, anaondoka kesho asubuhi.”

“Ndiyo maana. Ataondoka, yamekwisha.”

“Bi harusi aliniambia hizo nyingine zikiharibika hatalia. Ni hii tu.”

Mjomba akatundika filamu kwenye kamba, akakausha mikono yake kidole kimoja kimoja. Kwenye kamera ya studio kulikuwa na roli nyingine iliyobakiza picha chache, alizoziweka kwa watu wa vitambulisho. Nilijua. Naye alijua kwamba najua.

“Ukisema kweli kwa mmoja, umesema kwa wote,” akaniambia. “Umefikiria hilo?”

“Nimefikiria.” Sikuwa nimefikiria.

Akaniletea kamera. “Mbili. Ya kwanza ya bibi, ya pili ya woga wako. Na flashi hupati. Peleka watu kwenye mwanga wa Mungu.”

Nilifika Gerezani baada ya adhuhuri. Nilisimama mara mbili njiani nikijifanya natengeneza kiatu. Uani walikuwa wamekaa kwenye mkeka: bibi, bi harusi, shangazi na majirani wawili wa siku ya harusi, wanachambua mchele. Mzigo wa bibi ulikuwa tayari umefungwa kando ya mlango.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea sura yangu?”

“Bibi, ile picha ya Jumamosi haipo.”

“Imekwenda wapi?”

“Haikuwahi kuwapo. Nilikosea. Nilibonyeza taa, sikubonyeza kamera.”

Bi harusi aliacha mchele. Aliniangalia, na mpaka leo nasikia uzito wa macho yale. Bibi alikuwa bado anajaribu kuelewa.

“Na ule moto ulionipiga usoni mpaka nikaona vimulimuli?”

“Ulikuwa taa tu, bibi.”

“Taa ya bure.”

“Ndiyo, bibi. Na nilikuambia tayari, na sikuwa na hakika. Nisamehe.”

Shangazi ndiye aliyelipata jambo lote kabla ya wengine. Niliona likimfikia, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

“Ngoja,” akasema. “Hiyo taa inaweza kuwaka bila picha?”

“Inaweza, shangazi.”

“Na mimi je? Ulinipiga au ulinimulika?”

“Nilikumulika.”

Majirani wakaangua kicheko, mmoja akapiga paja. “Na viuno vyote vile,” akasema, “mtandio wa kijani, mtandio wa njano.”

“Na ule wa njano?” shangazi akauliza.

“Wote, shangazi.”

Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha yule wa kupiga paja akanigeukia.

“Dada. Mimi nilikuwa na shangazi hiyo mara ya tatu.”

“Na wewe pia, dada.”

Hapo hapakuwa na kicheko tena. Waliniambia maneno, na nilistahili. Waliniita tapeli, waliitaja studio, walisema mtaa mzima utajua kabla ya alasiri. Nilishika kamera kwa mikono miwili nikasubiri, kwa sababu kukimbia kulikuwa ni kumwacha bibi aondoke hivi hivi.

Ni yeye aliyewanyamazisha, kwa kunyanyua ungo.

“Mgombane naye kesho, mimi nikishaondoka,” akasema. “Leo ana kazi na mimi. Mwanangu, hicho kidude kina kitu ndani au nacho ni kitupu?”

“Kina mbili, bibi. Na taa sikuja nayo.”

“Afadhali.”

Akataka kubadilisha kanga, mjukuu akamwambia mzigo umeshafungwa. Basi akakaa na ile ile ya kuchambulia mchele. Bi harusi akakaa kando yake akiwa na gauni la nyumbani, bila mapambo, macho mekundu. Ile ya harusi ilikuwa imekwenda, hakuna wa kuirudisha, na nataka ulijue hilo: kukiri hakukuniletea picha niliyoipoteza. Kuliniletea nyingine.

Niliwasogeza hadi ukutani, pale jua lisipowachoma macho lakini mwanga unafika. Bila flashi ilibidi nipanue tundu na niongeze muda, na muda ukiongezeka mkono haupaswi kutikisika hata kidogo. Wangu ulikuwa unatikisika kama wa mwenye homa. Nikabonyeza. Mlio niliusikia, uani kulikuwa kimya.

“Tayari?” bibi akauliza.

Nikafungua mdomo kusema tayari. Nikaufunga.

“Hapana, bibi. Mlio nimeusikia, lakini mkono ulitetemeka. Sina hakika. Naomba ukae tena.”

“Tena?” shangazi akasema nyuma yangu.

“Tena,” bibi akajibu. “Huyu leo anajua asichokijua. Kaa vizuri wewe mtoto, usinilegee begani.” Akaulaza mkono wa mjukuu wake pajani, kama siku ile. Niliegemeza mgongo kwenye nguzo ya jiko, nikabana viwiko mbavuni, nikatoa pumzi yote. Nikabonyeza.

Roli ile ilisafishwa Jumatano iliyofuata. Ya kwanza ilikuwa imetikisika, nyuso mbili zimekuwa nne. Ya pili ilikuwa kali, unahesabu mpaka punje za mchele kwenye ungo. Bibi alikuwa ameshafika Lindi. Tulimpelekea kwa mkono wa abiria wa meli, na ya bi harusi ikaenda Mwanza. Baada ya miezi kadhaa jibu likaja kutoka kusini kwa mdomo wa mtu: bibi anashukuru, ila anasema mdomo umekaa vibaya.

Mjomba hakuongea nami vizuri kwa muda mrefu. Wanawake walikuja studio, wengi, kila mmoja na swali lile lile, na alikaa nyuma ya pazia akaniacha niwajibu mimi. Harusi zilipungua. Zilipoanza kurudi tulikuwa tunasema mlangoni kabla ya kuingia: picha ni kumi na mbili, chagueni wenyewe. Walichagua kwa ukali zaidi kuliko tulivyowahi kuchagua sisi, na ugomvi wao haukuwa wetu.

Basi chukua hiyo kamera. Mweke mtu wako hapo kwenye mwanga, bana viwiko mbavuni, toa pumzi, bonyeza, kisha usikilize. Kama hukuusikia mlio, au mkono ulitikisika, au huna hakika kwa sababu yoyote ile, mwambie palepale kabla hajainuka: naomba ukae tena.